Kutoka Tunduma hadi Mirembe

Aliyechanganyikiwa Tunduma, mpakani na Zambia, enzi za Waingereza alikuwa na safari ndefu. Hospitali ya Mirembe, iliyofunguliwa mwaka 1927, iko Dodoma, takriban kilomita 700 kutoka mpakani. Kabla yake Wajerumani walikuwa wamegeuza makazi ya watoto waliokombolewa utumwani kule Lutindi, Usambara, kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili.

Wengi hawakufika katika hospitali hizo. Waliuguzwa nyumbani au kwa waganga, ambao swali lao la kwanza lilihusu ukoo: nani amekosana na nani, mzimu gani umesahauliwa? Dawa za mitishamba zilikuwa na mipaka yake, lakini swali hilo lilikuwa na uzito. Leo madaktari nao huuliza mengi: kama kuna ndugu aliyewahi kuugua hivyo, kama mgonjwa alipata malaria ya ubongo, virusi vya UKIMWI au anakunywa pombe kupita kiasi, kama amefiwa.

Na mji wa Tunduma wenyewe umebadilika. Barabara ya Zambia na reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, zilileta riziki, na pia upweke. Dereva wa lori anayesubiri forodhani, mbali na mke na watoto, halali vizuri. Kijana aliyekuja kutafuta kibarua hana shangazi wa kugundua kwamba ameanza kuongea peke yake.

Jibu moja kwa upweke kama huo lilikuwepo tayari: mwaka 1969 serikali ilianzisha vijiji vya kilimo ambako wagonjwa waliishi na kulima. Wazo hilo lilistahili kupewa fedha zaidi.