Mafunzo mubashara ya mtandaoni

Mafunzo mubashara ya mtandaoni ni mafunzo ambayo mkufunzi na washiriki wako mahali tofauti lakini wanakutana kwa wakati uleule kupitia intaneti, wakisikilizana na mara nyingi wakionana. Yanatofautiana na video iliyorekodiwa au kozi ya kujisomea, kwa sababu mshiriki anaweza kumkatiza mkufunzi na kuuliza, na mkufunzi anaweza kubadilisha somo akiona halijaeleweka. Ofisi za serikali, mabenki, hospitali na makampuni huyatumia kufundisha watumishi wao, na vilevile wateja wao: mzabuni anayeingia katika mfumo mpya, wakala wa pesa za simu, katibu wa chama cha ushirika.

Makala hii inaeleza namna ya kuyaendesha, hasa nchini Tanzania, ikichukua mfano wa wilaya ya Kibiti na delta ya mto Rufiji katika mkoa wa Pwani.

Historia

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko intaneti ya leo. Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini, ambacho wanafunzi wake wametawanyika visiwani, kilianza miaka ya 1970 kuunganisha vituo vyake kwa sauti kupitia satelaiti ya Marekani iliyoitwa ATS-1. Barani Afrika, Benki ya Dunia ilianzisha mwaka 1997 mradi wa Chuo Kikuu cha Mtandao cha Afrika (AVU), ambao makao yake yalihamia Nairobi mwaka 2002. Katika miaka ya mwanzo mihadhara ilirushwa kwa satelaiti kutoka ng'ambo na wanafunzi waliuliza maswali kwa simu. Satelaiti za namna hiyo hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, hivyo swali na jibu lake huchelewa karibu nusu sekunde. Mkufunzi asiyezoea hudhani hakuna anayejibu, akaendelea kusema.

Mwaka 2003 daktari Sanjeev Arora wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, alianzisha Project ECHO. Mabingwa wa hospitali hukutana kwa video na waganga wa vijijini, na badala ya mhadhara mrefu hujadili wagonjwa halisi ambao waganga hao wanawatibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliotibiwa kwa njia hiyo walipona kwa kiwango sawa na wale wa kliniki ya chuo kikuu, karibu 58 kwa kila mia katika makundi yote mawili. Tafiti za mafunzo kwa kawaida huhesabu vyeti. Huu ulihesabu waliopona.

Programu zinazotumika sana leo ni za baadaye. BigBlueButton, ambayo ni programu huria na inaweza kuwekwa kwenye seva ya taasisi yenyewe, ilianza mwaka 2007 katika Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada. Kampuni ya Zoom iliundwa mwaka 2011.

Tanzania

Kituo cha mafunzo ya aina hii kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 2000, katika majengo ya Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), kikiwa sehemu ya mtandao wa vituo uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Baadaye kilifanywa wakala wa serikali, Wakala ya Mafunzo kwa Njia ya Mtandao, maarufu kama TaGLA. Washiriki walikwenda ukumbini, wakakaa pamoja mbele ya kioo kikubwa, na mwezeshaji alikuwa nao chumbani wakati mkufunzi akizungumza kutoka nchi nyingine.

Mawasiliano yalibadilika nyaya za baharini zilipofika Dar es Salaam, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulipoanza kuzisambaza huduma zake mikoani. Machi 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoanza kuenea, mawaziri wa SADC walifanya mkutano wao kwa video huku Tanzania ikiwa mwenyekiti. Mwaka 2022 serikali ilianza kugawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka huo. Tangu Julai 2023 ununuzi wa umma umehamia kwenye mfumo wa NeST, na mfano huo unaonyesha vizuri kwa nini wateja nao hufundishwa: fundi ujenzi au muuza vifaa vya ofisi asiyejua kujisajili hapati kazi ya halmashauri, hata kama bei yake ni nzuri.

Kibiti na delta ya Rufiji

Mji wa Kibiti uko kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi, na mtumishi wa makao makuu ya wilaya hana tatizo kubwa la kujiunga na mafunzo. Delta ni jambo jingine. Ni visiwa na vijito katikati ya misitu mikubwa ya mikoko, na katika kata kama Salale, Mbuchi, Maparoni, Kiongoroni na Msala watu husafiri kwa boti na mitumbwi. Safari hufuata maji: njia inayopitika wakati wa maji kujaa huwa tope yakitoka.

Ndiyo maana mafunzo ya mbali yana uzito wa pekee huko. Zahanati yenye mtumishi mmoja au wawili hufungwa, au hubaki na mhudumu asiye na ujuzi wa kutosha, pale mganga anapoitwa wilayani kwa semina ya siku tatu, kwa kuwa safari yenyewe huongeza siku nyingine. Mjamzito anayefika siku hizo hana pa kwenda karibu.

Lakini mazingira hayohayo hukata mawasiliano. Aprili 2024 mafuriko ya Rufiji yalizamisha mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na tarehe 4 Mei Kimbunga Hidaya kikafika Mafia. Siku chache baadaye, tarehe 12 Mei, hitilafu katika nyaya za baharini ilidhoofisha intaneti nchini kote. Ratiba isiyo na siku za akiba haiwezi kudumu katika mwezi kama huo.

Utekelezaji

Waandaaji wengi huanza kwa kuchagua programu. Kwa delta, uamuzi wa kwanza unaofaa ni mahali pa kukaa washiriki. Kumtumia kila mtu kiungo kwenye simu yake ni rahisi kwa mwandaaji, lakini kunahamishia gharama ya bando na betri kwa mshiriki. Video ya kilobiti 600 kwa sekunde hula takriban megabaiti 270 kwa saa. Sauti ya kilobiti 80 haifiki 40. Watu kumi wakikaa shuleni au zahanatini penye umeme wa jua, mbele ya kompyuta moja na spika, hutumia muunganisho mmoja badala ya kumi. Ule mtindo wa ukumbi wa mwaka 2000 haujapitwa na wakati huko kama unavyopitwa Dar es Salaam.

Chumba hicho kinahitaji mwezeshaji. Huyu hukusanya maswali, humwambia mkufunzi kwamba sauti imekatika, na mtandao ukipotea huendelea na zoezi kwa karatasi zilizotumwa mapema. Asipokuwepo, washiriki hunyamaza, na ukimya huo husomwa upande wa pili kama kuelewa.

Mkufunzi naye hubadilisha namna ya kufundisha. Saa moja na nusu inatosha kwa kikao kimoja. Kazi ya siku nzima hugawanywa kwa wiki kadhaa. Kamera huzimwa wakati wa mafundisho na kuwashwa kwa maswali. Anayefundisha mfumo wa kompyuta huwaachia washiriki waubonyeze wenyewe, huku akisubiri. Saa ya kikao hupangwa kwa kuuliza kwanza habari za maji na sala, na Ijumaa mchana haifai.

Jambo lisiloandikwa katika mipango mingi ni posho. Semina ya wilayani humpa mtumishi nauli na fedha ya kujikimu. Kikao cha mtandaoni humwongezea kazi bila kumpa kitu. Taasisi inayookoa fedha za safari bila kulipia hata bando na chakula cha mchana hupata majina mengi kwenye orodha na wasikilizaji wachache.

Kurekodi vikao huwasaidia waliokosa, ila Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa majina, sauti na picha za washiriki, na zaidi taarifa za wagonjwa. Wahusika huombwa ridhaa kabla ya kurekodi, na mgonjwa hujadiliwa bila jina wala kijiji. Katika kijiji cha delta, umri na ugonjwa pekee vinaweza kutosha kumtambulisha.

Kupima matokeo hufanyika baada ya wiki au miezi, kwa kuangalia kazi yenyewe: taarifa za zahanati zinajazwa sawasawa, katibu wa ushirika anaingiza mizigo bila kumpigia simu afisa, mzabuni amewasilisha ombi kamili. Idadi ya waliojiunga huonyesha tu nani alikuwa na mtandao siku hiyo.