Juri Huenguliwa, Haichaguliwi

Kesi kubwa ya Marekani ikitangazwa kwa Kiswahili, mara nyingi tunaambiwa mawakili "wanachagua jopo la majaji". Wale watu 12 si majaji. Ni raia walioitwa kwa barua: dereva wa basi, muuguzi, mwalimu mstaafu. Wala si wazee wa baraza tuliowazoea Tanzania, maana mzee wa baraza humshauri jaji tu na jaji halazimiki kumfuata, ilhali wale ndio wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Nawaita wanajuri.

Kosa zito zaidi liko kwenye kitenzi "kuchagua". Wakili hachagui mtu. Huletewa kundi, akalihoji, akaondoa asiowataka. Wanaosalia ndio juri. Kiswahili kina neno la kazi hiyo: kuengua. Mpishi huengua povu la mchuzi, tume ya uchaguzi huengua mgombea.

Mahojiano yenyewe huitwa "voir dire", Kifaransa cha kale cha mahakama za Uingereza, maana yake kusema kweli. Mawakili wa kwetu wanalijua kwa kazi nyingine: kumpima mtoto kabla ya ushahidi, kama anaelewa kiapo. Tanzania ililegeza utaratibu huo mwaka 2016, na sasa mtoto anaweza kutoa ushahidi bila kiapo akiahidi kusema kweli. Kwa wanajuri napendekeza "usaili", ila msomaji asifikirie usaili wa kazi, ambako msailiwa hujipamba. Hapa wakili anayejua kazi yake hutafuta doa.

Tuseme anamtetea mgonjwa anayeishtaki hospitali. Akiuliza, "Je, mtatenda haki?" wote wataitikia ndiyo, naye hajapata kitu. Afadhali aulize, "Mnawaonaje watu wanaowashtaki madaktari?" kisha anyamaze. Mzee wa safu ya pili atakohoa na kusema, "Mimi naona siku hizi watu wanashtaki mno." Wakili mchanga hapo huanza kubishana. Mzoefu husema, "Ahsante kwa kuwa mkweli, mzee wangu. Nani mwingine anaona hivyo?" Mikono mitatu itanyanyuka. Hao wanne wangeingia chumba cha maamuzi na siri yao moyoni, na kesi ingefia humo. Nauona huu ndio moyo wa ushawishi wote mahakamani: kusikiliza kabla ya kusema.

Kuengua kuna namna mbili. Mwanajuri akikiri kwamba hawezi kuwa mwadilifu, wakili humwomba jaji amwondoe, na idadi haina kikomo: huko ni kuengua kwa sababu. Namna ya pili ina hesabu. Katika kesi ya kosa kubwa la jinai lisilo la kifo, mahakama za shirikisho huupa upande wa utetezi nafasi 10 za kuengua na wa mashtaka 6, bila maelezo. Uingereza iliifuta namna hii kwa sheria ya mwaka 1988, na jimbo la Arizona likaiacha mwaka 2022.

Wengi wangeiita "kuengua bila sababu". Nakataa. Katika kesi ya Batson dhidi ya Kentucky, mwendesha mashtaka aliwaengua watu weusi wote wanne waliokuwa kwenye kundi, na mshtakiwa mweusi akahukumiwa na juri ya wazungu watupu. Sababu ilikuwepo, ila haikutamkwa. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba dalili za ubaguzi wa rangi zikionekana, mwendesha mashtaka lazima aeleze. Kwa hiyo istilahi sahihi ni "kuengua bila kutaja sababu".