Nani Aliyelipia Saa za Rubani?

Februari 1934 Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alifuta mikataba ya kampuni za ndege zilizokuwa zikisafirisha barua za serikali, kwa tuhuma kwamba zabuni ziligawanywa kwa upendeleo. Kazi akalikabidhi jeshi. Nani angeruka vizuri kumshinda askari? Kumbe marubani wa jeshi walizoea kuruka mchana, anga likiwa jeupe, wakifuata reli na mito iliyo chini yao. Wale wa kampuni walikuwa na miaka wakipasua mawingu usiku kwa kutazama vipimo tu. Katika wiki chache za theluji na ukungu, askari zaidi ya 10 walikufa. Eddie Rickenbacker, shujaa wa anga wa Vita Kuu ya Kwanza ambaye wakati huo alikuwa mkubwa katika kampuni ya Eastern, aliuita mpango huo mauaji yaliyohalalishwa. Kufikia Juni barua zilikuwa zimerudi mikononi mwa raia.

Kisa hiki kinafaa kukumbukwa, maana abiria wengi huamini kwamba rubani aliyetoka jeshini ndiye rubani kamili, na aliyesomea uraiani amejazia pengo tu. Mwaka ule ni jeshi lililokwenda kujifunza. Edwin Link wa Binghamton, New York, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda, alikuwa ameunda sanduku lenye mabawa mafupi, linaloyumbishwa na mivukuto ya kinanda, ili mtu ajifunze urubani bila kuacha ardhi. Wanunuzi wake wengi walikuwa viwanja vya burudani. Siku moja maofisa wa jeshi walikuwa wakimsubiri Newark, hali ya hewa imechafuka, wakakata tamaa ya kumwona. Akatua, akiwa ameongozwa na vipimo. Jeshi likanunua mashine 6, kila moja kwa dola 3,500. Simuleta ambamo marubani wa leo hufanyia mitihani yao ni vitukuu vya sanduku lile.

Kuanzia mwaka 1939 serikali iliamua kuwalipia raia. Mpango wa kuwafunza urubani vijana wa vyuo, uliotangazwa na Roosevelt mwishoni mwa 1938, ulikuja kufundisha watu zaidi ya 400,000. Sababu yake haikuwa siri: vita vilikuwa vinanukia Ulaya. Chuo cha Tuskegee, Alabama, kiliingia katika mpango huo, na kwa mlango huo vijana Weusi wakafika kwenye ndege za kivita ambazo jeshi lilikuwa limewafungia.

Vita vilipoisha mwaka 1945, kikosi cha anga cha jeshi la nchi kavu peke yake kilikuwa kimefunza marubani zaidi ya 190,000. Kampuni za abiria ziliwapata marubani hao bure, na ndege pia: DC-3 na DC-4 zilizobeba askari zilibadilishwa viti zikabeba watalii. Sidhani kuna biashara nyingine iliyowahi kupewa mtaji mkubwa namna hiyo na mlipakodi bila hata kuomba. Kwa miongo kadhaa baadaye, katika vita vya Korea na kisha Vietnam, serikali iliendelea kulipa ada, na kampuni zikaendelea kuvuna.

Lakini si kila aliyefunzwa alivunwa. Wanawake 1,074 waliohitimu na kurusha ndege za jeshi ndani ya Marekani walivunjiwa kikosi Desemba 1944, na kampuni hazikuwataka katika viti vya marubani. Marlon Green, kapteni Mweusi wa jeshi la anga mwenye saa zaidi ya 3,000 za kuruka, aliomba kazi kampuni ya Continental mwaka 1957. Wakachukuliwa Wazungu wenye uzoefu mdogo kuliko wake. Alipigania haki yake hadi Mahakama ya Juu, ambayo Aprili 1963 ilimpa ushindi kwa kauli moja, na mwaka 1965 akaanza kazi. Kama mafunzo ya jeshi ndiyo yangekuwa kipimo, asingesubiri miaka 8.

Emily Howell Warner alifika kwa njia ya pili. Alikuwa mkufunzi wa urubani Denver, mtu wa uraiani kabisa. Jeshi lisingempa ndege hata angetaka, kwa kuwa wanawake sita wa kwanza wa jeshi la majini walipata mabawa yao ya urubani mwaka 1974 tu. Alikaa akiwaona wanafunzi wake wanaume wakiajiriwa, mmoja baada ya mwingine. Kampuni ya ndege ya Frontier ilimchukua Januari 1973.

Mwaka huohuo Marekani iliacha kuwaita vijana jeshini kwa lazima. Jeshi la anga nalo baadaye lilimdai rubani miaka 10 ya utumishi baada ya kupata mabawa. Miaka hiyo ni ghali kwa namna yake, kwani katika kampuni za Marekani mshahara, safari, likizo ya Krismasi na kiti cha kushoto cha kapteni vyote hufuata tarehe ya kuajiriwa. Anayekaa jeshini muongo mzima huikuta foleni imeshakuwa ndefu. Wa uraiani hulipa kwa fedha: makumi ya maelfu ya dola, mara nyingi za mkopo, kisha miaka ya kufundisha wengine, kuvuta mabango ya matangazo au kunyunyizia mashamba dawa, ili saa zifike.

Tarehe 15 Januari 2009 njia zote mbili zilikaa bega kwa bega. Ndege aina ya Airbus A320 ilipogonga bata bukini juu ya New York, Chesley Sullenberger, aliyewahi kurusha F-4 jeshini, na Jeffrey Skiles, aliyejifunzia urubani uraiani, waliishusha mtoni Hudson. Watu wote 155 walipona. Isisahaulike kwamba Sullenberger mwenyewe alianza akiwa na miaka 16, kwenye uwanja wa nyasi huko Texas.

Wiki nne baadaye ndege ya kampuni ya Colgan ilianguka karibu na Buffalo, watu 50 wakafa. Ndege ilipopoteza mwendo, kapteni alivuta usukani badala ya kuusukuma. Bunge likajibu kwa sheria, na tangu 2013 hata rubani msaidizi, ambaye zamani aliweza kuingia na saa 250, sasa anatakiwa kuwa na 1,500. Aliyetoka jeshini 750. Mwenye shahada ya urubani ya miaka minne 1,000. Jambo linalosumbua ni kwamba marubani wote wawili wa Colgan walikuwa tayari wamevuka 1,500.

Mwaka 2023 baadhi ya wabunge walitaka saa nyingi zaidi za simuleta zihesabiwe ndani ya hizo 1,500, wakilalamikia uhaba wa marubani. Familia za waliokufa Buffalo zilipinga, na Sullenberger akasimama nazo. Sheria ya usafiri wa anga iliyosainiwa Mei 2024 iliziacha saa 1,500 kama zilivyo.