Jumuiya na Kokwet: Imani ya Kikatoliki Katika Nchi ya Chai ya Kericho na Bomet

1. Utangulizi

Historia ya Kanisa Katoliki katika nyanda za chai za Kericho na Bomet mara nyingi husimuliwa kwa kutaja majimbo, maaskofu na majengo. Mambo hayo yana nafasi yake, na baadhi yake yatatajwa hapa. Lakini mkristo wa kawaida wa nchi hiyo, awe mchumaji wa chai katika shamba la kampuni au mkulima mwenye shamba lake dogo, aliijua dini kwanza katika mkusanyiko mdogo wa majirani, uliofanyika nyumbani kwa mmoja wao, na kwa lugha fulani. Makala hii inakusudia kuichunguza historia hiyo ya chini kwa kuuliza swali moja: jirani ni nani katika nchi ya chai? Itaonyeshwa kwamba Ukatoliki wa nchi hiyo ulikua juu ya misingi miwili ya ujirani, mmoja wa kambi na mwingine wa ardhi, na kwamba misingi hiyo ilipogongana, imani yenyewe ilitiwa majaribuni.

2. Ardhi na wageni wake

Kabla ya chai, nchi hii ilikuwa malisho na mashamba ya wimbi ya Wakipsigis. Maisha ya kila siku yalisimamiwa na kokwet, yaani watu wa kitongoji kimoja waliosaidiana kazi, waliokutana kuamua mashauri yao, na ambao wazee wao walipatanisha wagomvi. Kokwet haikuwa ukoo. Watu wa koo mbalimbali walikuwa wa kokwet moja kwa sababu waliishi pamoja juu ya ardhi moja. Jambo hili inafaa likumbukwe, kwa kuwa ndilo kiini cha mjadala utakaofuata.

Serikali ya kikoloni ilitwaa sehemu kubwa ya ardhi hiyo kwa ajili ya walowezi, na katika miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na African Highlands Produce, hii ya pili ikiwa ya James Finlay, zilianza kupanda chai Kericho. Mwaka 1934 ilitungwa sheria maalumu ya kuwaondoa watu wa ukoo wa Talai, walioheshimiwa kama viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, nao wakahamishwa kwa nguvu mpaka Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria. Hivyo, katika muda usiozidi kizazi kimoja, wenyeji walipoteza ardhi na wakanyang'anywa wale waliowaongoza katika mambo ya kiroho. Malalamiko ya mambo hayo hayakuzikwa pamoja na ukoloni. Katika miaka ya 2019 na 2021 yalikuwa bado yakijadiliwa mbele ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa.

Chai inahitaji mikono mingi. Kampuni ziliajiri wafanyakazi kutoka Nyanza, Kisii na nchi ya Waluhya, pamoja na Wakipsigis wenyewe. Walijengewa nyumba za safu ndani ya mashamba, zilizoitwa kambi. Mfanyakazi alikaa katika nyumba ya kampuni, akatibiwa katika zahanati ya kampuni, na watoto wake wakasoma katika shule iliyo ndani ya shamba. Kazi ilipokwisha, nyumba nayo ilikwisha.

3. Majilio ya dini na suala la lugha

Wamisionari wa Mill Hill walifika Uganda mwaka 1895, na kutoka huko wakaenea hadi Kenya ya magharibi. Kwa sababu hiyo, makatekista wa kwanza wa upande huo walitumia Kiganda, kisha Kijaluo na lugha nyingine zikashika nafasi yake. Wajaluo na Waluhya wengi waliokwenda Kericho kutafuta kazi walikuwa tayari wamebatizwa, au walikuwa wameanza mafundisho. Kwa maneno mengine, Ukatoliki uliingia mashambani mikononi mwa vibarua kabla ya kuwa na mapadre wa kutosha wa kuuhudumia.

Miongoni mwa Wakipsigis hali ilikuwa tofauti. Huko madhehebu ya Kiprotestanti yalikuwa yametangulia. Willis Hotchkiss alikuwa ameanzisha misheni yake ya ufundi mwanzoni mwa karne ya 20, na vituo vya Tenwek na Litein vikawa na nguvu kubwa upande wa Bomet na Bureti. Wakatoliki waliingia baadaye kupitia vituo kama Kipchimchim, karibu na mji wa Kericho, na Kaplong, karibu na Sotik. Katika vituo hivyo viwili hospitali ilijengwa kando ya kanisa, na Kaplong pamekuwa na shule za wavulana na za wasichana. Basi kwa Mkipsigis wa kawaida, Ukatoliki ulionekana kwanza katika hospitali na shule. Kwa mfanyakazi wa chai, ulikuwa kitu alichokibeba kutoka kwao.

Misa yenyewe ilikuwa katika Kilatini mpaka miaka ya 1960. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati yake juu ya liturujia, tarehe 4 Desemba 1963, mlango ulifunguliwa kwa lugha za watu. Hapo njia mbili zikaachana. Katika vigango vya vijijini, ambako waumini walikuwa Wakipsigis, lugha yao ilitumika katika nyimbo na mahubiri. Katika mashamba ya kampuni, ambako safu moja ya nyumba ilikuwa na watu wa makabila matatu au manne, Kiswahili kilikuwa lugha pekee iliyoweza kuwakusanya wote.

4. Jumuiya katika kambi

Maaskofu wa Afrika Mashariki na ya Kati, katika mikutano ya umoja wao wa AMECEA ya mwaka 1973 na 1976, waliamua kwamba Kanisa lijengwe juu ya Jumuiya Ndogondogo za Kikristo. Uamuzi huo uliafikiana vizuri na umbo la kambi. Nyumba zilikuwa zimekwisha kupangwa kwa safu, na watu wa safu moja walijuana kwa majina, kwa madeni na kwa magonjwa ya watoto wao. Jumuiya ilikutana mara moja kwa juma, ikasoma Injili, ikasali rozari, kisha ikazungumza mambo ya watu wake.

Mambo hayo yalikuwa ya kawaida kabisa. Mgonjwa alitembelewa na kuchotewa maji. Mama aliyejifungua alipikiwa. Mfanyakazi alipofariki, ilibidi maiti asafirishwe mpaka kwao, kwa kuwa kwa Mjaluo, Mluhya au Mkisii kuzikwa mbali na boma la baba yake ni msiba juu ya msiba. Basi jumuiya ilipitisha mchango nyumba kwa nyumba. Kwa watu waliolipwa kwa kilo za majani waliyochuma, mchango huo ulikuwa sehemu halisi ya jasho la siku.

Aidha, jumuiya ilikuwa mahali pa kufikiri. Njia ya Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, ya kutazama, kupima na kutenda, ambayo Papa Yohane wa 23 aliipendekeza katika waraka wake wa mwaka 1961, ilienea katika vyama vya Kikatoliki na baadaye katika Kampeni ya Kwaresima ya Tume ya Haki na Amani ya maaskofu wa Kenya. Kila juma la Kwaresima waumini hupewa kisa kimoja cha maisha ya kila siku wakizungumze. Mtu aliyekwisha kuzoea kuulizwa, "Jambo hili ni haki?", hana budi siku moja kuuliza vivyo hivyo juu ya mizani inayopima kikapu chake.

Hapa pana jambo la lugha lipasalo kuangaliwa. Kiswahili cha kazi shambani kilikuwa lugha ya nyapara, na sura yake kuu ilikuwa ya kuamuru: chuma, leta, ongeza, rudi. Katika jumuiya, watu walewale walikitumia Kiswahili kilekile kwa sura nyingine: tusali, tumwombee, tuchange. Kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi kilichukua mahali pa amri. Haidhuru kama sarufi ya wasemaji haikuwa ya vitabuni. Walipata ndani ya lugha ya kazi namna ya kujiita "sisi" ambayo haikuwa ya kabila wala ya kampuni.

5. Majaribu

Oktoba 1991 mapigano yalianza Meteitei katika wilaya ya Nandi, yakaenea hadi wilaya ya Kericho na mipaka yake, hata Sondu mwaka 1992. Wakati huo Kericho ilikuwa sehemu ya Jimbo la Nakuru, chini ya Askofu Raphael Ndingi Mwana'a Nzeki, aliyeliongoza tangu 1971 hadi 1996. Askofu huyo alikuwa amekwisha kupinga upigaji kura wa mlolongo katika miaka ya 1980. Mapigano yalipozuka, alikataa kuyaita ugomvi wa makabila tu, akawatuhumu wenye mamlaka waziwazi. Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku, katika taarifa yake ya Septemba 1992, nayo iliwataja wanasiasa kuwa wachochezi.

Mwaka 1995 Jimbo la Kericho liliundwa kutoka Nakuru, askofu wake wa kwanza akiwa Philip Anyolo. Lakini jimbo jipya halikufuta swali la zamani. Baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, wafanyakazi wengi waliotoka nje ya eneo hilo walishambuliwa katika kambi za chai, wakakimbia. Kanuni ya ujirani wa safu ilivunjika kwa siku chache. Aliyeshiriki rozari jana alikuwa leo mtu wa kabila fulani aliye juu ya ardhi isiyo yake.

Katika Kipkelion, upande wa kaskazini wa Kericho, palikuwa na monasteri ya Watrapisti, iliyoanzishwa mwaka 1956 na watawa kutoka Tilburg, Uholanzi. Watawa hao waliishi kwa sala, kimya na kazi za mikono. Januari 2008 mamia ya watu waliofukuzwa makwao walikimbilia huko, nao wakapokewa. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya ukimya ikajaa vilio vya watoto na moshi wa vyungu. Mwaka huohuo watawa wenyewe walilazimika kuondoka, wakahamia Uganda. Kwa zaidi ya nusu karne walikuwa wamelima udongo wa Kipkelion, na hata hivyo hawakuweza kuendelea kukaa juu yake.

6. Kokwet na jumuiya

Ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba imani ya kambi ilikuwa ya uongo, au kwamba Wakipsigis waliipinga kwa kuwa ni wageni kwa upendo wa jirani. Kokwet yenyewe ni shule ya ujirani. Katika vijiji vya Bomet, ambako chai ya wakulima wadogo ilienea baada ya kuundwa kwa Mamlaka ya Ustawishaji wa Chai ya Kenya mwaka 1964, jumuiya ya Kikatoliki na kokwet hukaribiana sana: ni watu walewale wanaopeleka majani katika kituo kimoja, wanaopatanishwa na wazee walewale, na wanaozikwa katika udongo uleule.

Tofauti iko katika msingi. Ujirani wa kokwet hutoka katika ardhi, na ardhi hiyo ilikuwa imeporwa. Ujirani wa kambi hutoka katika ajira, na ajira hiyo ilikuwa juu ya ardhi iliyoporwa. Jumuiya ya kambi iliweza kuzungumza juu ya mizani na mshahara, lakini ilikuwa vigumu kwake kuzungumza juu ya ardhi, kwa kuwa nyumba iliyowakusanyikia ilikuwa ya kampuni, na mwenye dai la zamani hakuwa ameketi pale, au aliketi akanyamaza. Kiswahili kiliwapa wachumaji "sisi". Hakikuwapa mahali pa kumsikiliza aliyenyang'anywa.

7. Hitimisho

Mwaka 2015 Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu lilitabarukiwa mjini Kericho, likiwa na nafasi ya watu wapatao 1,500, chini ya paa kubwa la vigae lililochorwa na wasanifu wa John McAslan wa London. Ndani yake watu wa kambi na watu wa vijiji hukutana chini ya paa moja. Lakini maswali ya kila siku yamebaki katika safu za nyumba. Februari 2023 uchunguzi wa BBC ulifichua jinsi wanawake walivyodhulumiwa kimwili na wasimamizi wao katika mashamba ya chai ya Kericho. Na Mei mwaka huo mitambo ya kuchumia chai, inayopunguza haja ya mikono ya watu, ilichomwa moto na waandamanaji. Je, mwanamke aliyedhulumiwa alikuwa na maneno ya kulileta jambo lake mbele ya majirani zake walipokuwa wakisali? Na jumuiya itakuwa ya nani, ikiwa kambi zitabaki tupu?

Mfano wa Msamaria katika Injili ya Luka unamhusu msafiri aliyeangushwa njiani, na mtu wa taifa lisilopatana na lake ndiye aliyemhudumia. Katika nchi ya chai, wenyeji waliangushwa mwaka 1934, na wageni wakaangushwa mwaka 1992 na 2008. Kila upande umewahi kulala kando ya njia. Historia ya jumuiya za Kericho na Bomet inaonyesha kwamba watu wa kawaida, kwa mchango wa shilingi chache na mtungi wa maji, walijua namna ya kumwinua aliye mlango wa pili. Kumwinua aliye upande wa pili wa ua wa chai ndiyo kazi iliyosalia, nayo haitatimia mpaka suala la ardhi lizungumzwe katika mkutano uleule ambamo rozari husaliwa, na kwa lugha ambayo pande zote mbili zinaimiliki.