Wanyama wa Karatasi na Felti

Wanyama wa karatasi na felti ni sanamu ndogo za hayawani, ndege, samaki na wadudu zinazotengenezwa nyumbani kwa mikono, aghalabu na watoto wakiwa pamoja na wazazi au walimu wao, kwa njia ya kukunja, kukata, kubandika na kushona. Kazi hii haitaki karakana wala ala za thamani. Meza safi, mkasi mkali, sindano, uzi, gundi na alasiri tulivu vyatosha. Vitu hivi viwili, karatasi na felti, vina nasaba moja ingawa kwa sura havifanani, maana vyote ni nyuzi zilizoshikamana bila kufumwa: karatasi ni nyuzi za mimea zilizoelea majini, zikatandazwa na kukaushwa, na felti ni nywele za kondoo zilizoloweshwa kwa maji ya moto na sabuni, zikasuguliwa mpaka vigamba vidogo vilivyomo juu ya kila unywele vikanasana, visiweze tena kuachana. Kwa kuwa hakuna uzi wa mtande wala wa mshindio, kila kimoja hukatwa kwa upande wowote na ukingo wake haufumuki. Na hiyo ndiyo sababu kubwa ya vitu hivi kufaa kwa mkono wa mtoto ambaye bado hajui kukunja pindo.

Baada ya nasaba hiyo huja tofauti yao, na fundi asiyeitambua hujisumbua bure. Karatasi ina kumbukumbu: ukiikunja na kuupitisha ukucha juu ya mkunjo, alama ile haifutiki, na hata ukiinyoosha itatamani kurudi ilikokunjwa. Felti haina kumbukumbu hiyo; huikunja ikafunguka, lakini ukiishona na kuijaza hukubali uviringo na unene ambao karatasi haiwezi kuuvumilia. Kwa hiyo mnyama wa pembe kali na mistari iliyonyooka, kama korongo, mbweha au popo, ni haki ya karatasi. Na mnyama wa tumbo na mashavu, kama tembo, kiboko au kobe, ni haki ya felti.

Habari za kale sana za wanyama wa felti zatoka katika milima ya Altai, kusini mwa Siberia, mahali paitwapo Pazyryk, ambapo makaburi ya watu wa makabila ya wafugaji wa farasi yalijaa maji yakaganda kuwa barafu, na barafu ile ikahifadhi vitu ambavyo kwingineko vingaliliwa na udongo. Katika kaburi la tano, lililochimbuliwa mwaka 1949 na mwanachuoni Sergei Rudenko, walionekana bata maji wa felti ya rangi, walioshonwa na kujazwa ndani, nao wamekwisha kupita zaidi ya miaka 2,200. Leo wamo katika jumba la makumbusho la Hermitage, katika mji wa Saint Petersburg. Mtu awatazamaye huona shingo ile ndefu iliyopinda, na hana haja ya kuambiwa kuwa ni ndege gani.

Karatasi ilichelewa, kwa kuwa zamani ilikuwa mali ya thamani, haikuchezewa. Huko Ujapani kukunja karatasi kulianza kama taadhima ya sherehe na zawadi, ndipo kukawa burudani. Na mwaka 1797 kilipigwa chapa katika mji wa Kyoto kitabu kiitwacho Hiden Senbazuru Orikata, kinachoonyesha namna 49 za kukunja korongo walioungana kwa ncha za mabawa au midomo, wote kutokana na ukurasa mmoja uliochanjwa kwa mkasi. Korongo huyo amekuwa alama ya kuombea uzima na amani, hususan baada ya kisa cha msichana Sadako Sasaki wa Hiroshima, aliyekunja makorongo kitandani hospitalini alipokuwa akiugua saratani ya damu, akafariki mwaka 1955 akiwa na umri wa miaka 12. Sanamu ya kumbukumbu yake na ya watoto wenziwe waliouawa na bomu la atomiki ilisimamishwa mwaka 1958, na watoto wa nchi nyingi hupeleka makorongo ya karatasi pale mpaka leo.

Katika Ulaya, Mjerumani Friedrich Froebel (1782–1852), aliyefungua nyumba ya malezi ya watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg mwaka 1837, aliingiza ukunjaji wa karatasi miongoni mwa shughuli za mafunzo, akiamini kuwa mtoto hujua umbo kwa vidole kabla ya kulijua kwa maneno. Rai hiyo ilisafiri hata Ujapani, ilipofunguliwa shule ya watoto wadogo katika Tokyo mwaka 1876, na hivyo ukunjaji wa Ulaya ulikutana na ule wa wenyeji. Lakini aliyeitoa kazi hii katika mchezo na kuipandisha daraja ya sanaa ni Akira Yoshizawa (1911–2005), ambaye ujanani mwake alifanya kazi kiwandani na kutumia karatasi kuwafundisha vijana elimu ya maumbo. Katika kitabu chake cha mwaka 1954 aliweka utaratibu wa mistari ya nukta na mishale ambao, baada ya kuongezwa na wengine, hutumika katika vitabu vya ukunjaji dunia nzima, hata msomaji asiyejua Kijapani aweza kuufuata. Fauka ya hayo alibuni njia ya kuilowesha karatasi nene kidogo kabla ya kuikunja, ili ipinde kwa ulaini kama mwili, na ikikauka ikae vivyo hivyo.

Kabla ya Yoshizawa, felti ilikuwa imekwisha kupata bingwa wake. Margarete Steiff (1847–1909), mwanamke wa mji wa Giengen katika Ujerumani, alipooza miguu tangu utoto kwa ugonjwa wa polio, na mkono wake wa kulia ulikuwa dhaifu. Juu ya hayo alijifunza ushonaji, akafungua duka la nguo za felti. Takriban mwaka 1880 alishona tembo mdogo wa felti kwa kigezo alichokipata katika gazeti la mitindo, akakusudia awe kitu cha kuchomekea pini. Watoto hawakujali pini. Walimchukua tembo wakamfanya mwenzi wa mchezo, na kutokana na tembo huyo kikainuka kiwanda kilichouza wanyama wa vitambaa kote duniani. Kisa hiki kinastahili kukumbukwa na kila aanzaye kazi hii, kwa sababu kigezo cha tembo yule kilikuwa sahili kiasi cha kushonwa na mtu yeyote, na usahili ule haukumpunguzia haiba hata kidogo.

Na hapa ndipo ilipo siri ya sanaa yenyewe. Anayeanza hudhani kuwa mnyama mzuri ni yule aliyewekewa kila kitu: kucha, meno, nyusi, ndevu na vidole, basi hukata vipande vidogo visivyoshikika, na akimaliza hupata kitu ambacho hakuna ajuaye ni nini. Kinyume chake ndicho sahihi. Kila mnyama ana alama moja au mbili zimtambulishazo hata kwa kivuli: twiga kwa shingo, sungura kwa masikio, tembo kwa mkonga, kobe kwa gamba, chui kwa madoa, bundi kwa macho, nyani kwa mkia ulioinuka. Alama hiyo itiwe nguvu, hata ikizidi kipimo cha maumbile, na mengine yote yapunguzwe au yaachwe kabisa. Mtoto aliyesikia hadithi za Sungura na Fisi hana shaka juu ya jambo hili. Akiombwa kumchora Sungura huanza na masikio, na akimchora Fisi huanza na mgongo ulioteremka nyuma. Mwalimu mwema humwacha aanze hapo.

Kwa mnyama wa karatasi asimamaye, chukua karatasi ya manila yenye upana wa sentimita 16 na urefu wa sentimita 20, uikunje katikati ili upate kiwiliwili chenye urefu wa sentimita 16 na kimo cha sentimita 10, mkunjo ukiwa ndio mgongo. Karatasi hii nene hupasuka mkunjoni ikikunjwa kwa pupa. Kwa hiyo kwanza weka rula, kisha pitisha kalamu iliyokwisha wino juu ya mstari, ipate mfereji mwembamba, ndipo ukunje. Tena, kila karatasi ina upande ambao nyuzi zake zimelala. Uipinde bila kuivunja, kwanza huku kisha kule, na upande unaopinda kwa upole zaidi ndio ufaao kwa mkunjo. Kutoka ukingo wa chini kata nusu duara yenye upana wa sentimita 8 na kimo cha sentimita 4, nayo itaacha miguu minne ya upana wa sentimita 4. Pasua juu ya mkunjo, upande wa mbele, ufa wa sentimita 3, uingize shingo na kichwa vilivyokatwa mbali, ubandike. Kiwiliwili ni kilekile kwa punda milia, ng'ombe, simba na twiga. Kinachobadilika ni kichwa, mkia na rangi, na watoto wakikaa wanne au watano mezani hupata mbuga nzima kabla ya magharibi.

Kwa ukunjaji usio na mkasi huhitajiwa mraba, na mraba hupatikana katika karatasi ya kawaida ya ofisi yenye milimita 210 kwa 297 kwa kuikunja pembe moja mpaka ukingo mfupi ulale juu ya ukingo mrefu, kisha kukata ukanda uliobaki, ambao una upana wa milimita 87 na wafaa kwa mikia na masikio. Kichwa cha mbwa ni mlango wa kwanza wa elimu hii: mraba hukunjwa kuwa pembetatu, ncha mbili za juu hushushwa kuwa masikio, ncha ya chini hukunjwa juu kuwa pua.

Mnyama wa felti hutaka subira zaidi. Kata kigezo cha tembo katika karatasi, kimo chake kama sentimita 12, ukibandike juu ya felti kwa pini, ukate vipande viwili vya mwili na viwili vya masikio. Felti haina uso wala mgongo, basi kipande kimoja hugeuzwa tu kikawa upande wa pili. Vipande vya mwili viwekwe pamoja na kushonwa kwa nje kwa mshono wa blanketi, yaani sindano huingia karibu milimita 4 kutoka ukingoni, na kabla uzi haujakazwa hupitishwa chini ya ncha ya sindano ili ulale juu ya ukingo kama uzio. Mishono ikiwa sawasawa huwa pambo, na kwa hiyo uzi wa rangi nyingine hupendeza. Anzia tumboni, zunguka, na ubakize mlango wa sentimita 4. Mkonga ujazwe kwanza, kwa vipande vidogo mno vinavyosukumwa kwa kitako cha penseli, kisha miguu, kisha tumbo. Mwenye kutia bonge kubwa kwa mara moja hufunga njia, na mkonga hubaki mtupu umelegea. Masikio yashonwe kwa ukingo wa mbele peke yake, ili yapepee.

Katika pwani yetu kijazio hakitafutwi mbali, kwani sufi ya msufi, ile iliyojaza mito na magodoro ya wazee wetu, ni nyepesi na laini, ila ifanyiwe kazi mahali pasipo upepo. Felti yenyewe si ngeni kwa macho: kofia ya tarabushi ni felti. Dukani leo aghalabu huuzwa felti ya nyuzi za plastiki, nayo yafaa kwa mafunzo. Lakini aliye na sweta kuukuu la mtumba lililo la sufu halisi ana hazina. Alifue kwa maji ya moto na sabuni, alisugue kwa nguvu, nalo litajikunyata na kuwa zito, hata likikatwa mafundo yake hayafumuki. Sweta la nyuzi za kiwandani halikubali jambo hilo kwa namna yoyote.

Macho ya vifungo na shanga yasitiwe katika mwanasesere wa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, kwa kuwa hung'olewa na kumezwa. Jicho la fundo la uzi mweusi latosha, na kwa maoni yangu lina uhai zaidi. Mnyama wa sufu afuliwe kwa maji baridi, asije akajikunyata tena, naye aanikwe juani mara kwa mara na kupigwa brashi, kwa sababu viwavi wa nondo hula sufu, plastiki hawaigusi. Gundi ya unga wa ngano uliopikwa, ambayo watoto hubandikia vishada, ni nzuri na haina gharama, lakini huvuta mende, hivyo wanyama wa karatasi waliobandikwa kwayo wawekwe katika kopo lenye kifuniko. Karatasi ikichanika mkunjoni, hubandikwa ukanda wa karatasi nyembamba kwa ndani na kuachwa ikauke ikiwa wazi kabla ya kukunjwa upya. Felti ikitoboka, hukatwa kiraka cha mviringo kilicho kikubwa kidogo kuliko tundu na kushonwa juu yake, bila haja ya kukunja ukingo wake.