Kufungisisa: Neno Lililozaa Benchi

Kishona kina neno moja kwa mtu aliyelemewa na mawazo hata usingizi ukamruka: kufungisisa. Kufunga kwa Washona ni kufikiri, si kufunga mlango, na mwisho wa neno huonyesha kupita kiasi. Miaka ya 1990, Vikram Patel, daktari wa akili kutoka India, na wenzake mjini Harare walikusanya maneno ya namna hiyo wakaunda hojaji ya maswali 14 ya ndiyo au hapana kuhusu wiki iliyopita. Mgonjwa akaulizwa anachokijua, bila kulazimika kwanza kufundishwa sonona ni nini.

Mwaka 2005 serikali ya Zimbabwe ilibomoa makazi na vibanda mijini kwa operesheni iliyoitwa Murambatsvina, yaani kuondoa taka. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa watu 700,000 walipoteza makazi, riziki au vyote viwili. Mwaka huohuo daktari Dixon Chibanda alifiwa na mgonjwa aliyejiua. Familia ya mgonjwa huyo ilikosa nauli ya kumfikisha hospitalini. Nchi nzima ilikuwa na madaktari wa akili kama 10 tu. Kilichopatikana mtaani Mbare, Harare, kilikuwa mabibi 14 wahudumu wa afya, na uwanja wa zahanati. Hapo likawekwa benchi, mgonjwa akae na bibi na kuzungumza shida zake.

Chibanda aliliita Benchi la Afya ya Akili. Watu wakalikwepa, kwa kuwa nani atakaa mchana kweupe mahali penye jina hilo? Mabibi wakataka liitwe Benchi la Urafiki. Hatua za tiba nazo wakazipa majina ya nyumbani: kuvhura pfungwa (kufungua fikra), kusimudzira (kuinua) na kusimbisa (kutia nguvu). Mgeni huchagua tatizo moja, deni au ugomvi wa nyumbani, akasaidiwa kutafuta pa kuanzia. Hojaji ya Patel ndiyo huonyesha nani anahitaji kukaa.

Sifa za mtaani, hata zikiwa za kweli, si ushahidi. Kwa hiyo zahanati 24 za Harare ziligawanywa kwa kura: baadhi zikapewa benchi, nyingine zikaendelea na huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo. Wagonjwa walikuwa 573. Baada ya miezi 6, dalili za sonona zilibaki kwa takriban asilimia 14 ya waliopewa benchi na asilimia 50 ya wenzao. Mawazo ya kujiua nayo yalikuwa machache zaidi benchini. Matokeo yalichapishwa Desemba 2016, na benchi likavuka mpaka hadi Malawi na Zanzibar.