Anna, Muuza Vitabu wa Dostoevsky

Kila Dostoevsky, mwandishi wa Urusi, anapotajwa, mimi humkumbuka kwanza mkewe, Anna Grigoryevna. Nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la vitabu miaka mingi, na najua kitabu hakijiuzi.

Walikutanishwa na deni. Mwaka 1865 Dostoevsky, akiwa amebeba madeni ya marehemu kaka yake, alimuuzia mchapishaji Stellovsky haki ya kutoa kazi zake kwa rubli 3,000. Mkataba ulikuwa na kitanzi: asipokabidhi riwaya mpya ifikapo Novemba 1, 1866, kwa miaka tisa Stellovsky angechapisha chochote atakachoandika bila kumlipa hata kopeki. Oktoba ikaingia hana hata ukurasa mmoja. Ndipo akaletewa binti wa miaka 20 aliyejua hatimkato. Dostoevsky akisema, Anna akiandika, kisha usiku Anna ananakili nyumbani. Riwaya ya *Mcheza Kamari* ikakamilika kwa siku 26. Siku ya mwisho Stellovsky hakupatikana, muswada ukaachwa kituo cha polisi kwa risiti. Februari 1867 wakaoana.

Hayo wengi wanayajua. Mimi hunigusa zaidi yale ya mwaka 1873, St. Petersburg. Mchapishaji mmoja alitaka kutoa riwaya ya Dostoevsky, *Mashetani* (si ile tamthilia ya Ebrahim Hussein) kwa rubli 500, tena alipe kidogo kidogo kwa miaka miwili. Malipo gani hayo kwa mwandishi wa *Uhalifu na Adhabu*! Anna akaingia mitaani kudadisi: karatasi bei gani, mpiga chapa anakopesha muda gani, wenye maduka wanataka punguzo kiasi gani. Wakachapa wenyewe nakala 3,500, wakaziweka nyumbani.

Januari 22 tangazo likatoka gazetini. Asubuhi hiyo hiyo mtumishi wa duka moja akabisha hodi akitaka nakala kumi. Akaomba punguzo kubwa. Anna akashikilia asilimia 20, na akapewa fedha taslimu. Wakafuata wengine. Dostoevsky, ambaye alikuwa akiandika usiku kucha na kuamka mchana, aliambiwa zimeuzwa nakala 115 akadhani anataniwa, mpaka Anna alipomwonyesha pesa. Mwaka ulipokwisha zilikuwa zimeuzwa 3,000, faida rubli 4,000.

Biashara hiyo aliiendesha takriban miaka 38. Mumewe alipofariki mwaka 1881, Anna alikuwa na miaka 34 tu, hakuolewa tena. Alitoa mkusanyo kamili wa kazi za mumewe mara kadhaa, akatunza barua na miswada, na mwaka 1906 akachapisha orodha ya maelfu ya maandishi na vitu vinavyomhusu. Watafiti wa leo bado wanakula matunda ya jasho lake.

Alifariki Yalta mwaka 1918, katikati ya vurugu za mapinduzi. Alikuwa ameomba azikwe karibu na mumewe. Alitimiziwa mwaka 1968.